Doa Jeusi Nyuma ya Kitanda Namba Sita

Wiki iliyopita Fardosa alinipigia simu nikiwa jikoni, anjera, ile chapati ya maji ya Kisomali, iko motoni na mkono wangu mmoja umejaa unga. Fardosa ndiye msimamizi wa sasa wa nyumba ya uuguzi niliyoisimamia mimi mpaka nilipostaafu, ile ambayo mji mzima wa Garissa unaiita Nasingi tu. Ni binti mwerevu. Ana tableti yenye fomu zote za ukaguzi ndani yake, na kila jambo analitaka limalizike leo.

"Eeddo," akaniambia, maana huku ndivyo mwanamke mkubwa anavyoitwa kwa heshima, kama shangazi, "wakaguzi wanakuja Jumanne. Ile doa nyeusi nyuma ya kitanda namba sita ni noma. Kila mtu hapa anasema tumekatazwa kuipaka rangi, lakini hakuna anayejua ilikatazwa na nani. Si tuipake tu tumalize?"

Nikamwomba anipe siku mbili nitamjibu. Anjera ikaungua, nikala hivyo hivyo. Tangu siku hiyo sijatulia, kwa sababu hilo si swali la kujibiwa ndiyo au hapana. Nimeona heri nikae niandike, isiwe kwa Fardosa peke yake, iwe kwenu nyote vijana mnaopewa nyumba za wagonjwa mzisimamie. Mnisamehe nikirukaruka. Kumbukumbu zangu hazikai foleni.

Mimi ni mzaliwa wa Garissa. Baba yangu alikuwa karani kutoka Lamu. Alihamishiwa huku, akamwambia kila mtu atakaa mwaka mmoja, na kaburi lake liko huku. Ndiyo maana nyumbani tulisema Kiswahili, na Kisomali changu mpaka leo majirani wanakicheka. Nilipopewa kazi Nasingi ilikuwa na vitanda kumi na vinane, wodi mbili, mtungi mkubwa wa oksijeni, na mwenyewe ni daktari mmoja ambaye sisi sote tulimwita Daktari, kana kwamba hakuna mwingine duniani. Wagonjwa wengi waliokaa muda mrefu walikuwa wazee. Waliletwa kutoka Balambala, wengine kutoka mbali kabisa, Buna na Rhamu, na kila mzee alikuja na watu kumi wa kumwangalia, mikeka yao, chupa za chai, na maziwa ya ngamia kwenye jerikeni ya manjano. Ninaikumbuka harufu ya asubuhi pale, dawa ya kupigia deki imechanganyika na chai ya iliki, na mpaka leo nikiinusa popote moyo unanirudi Nasingi.

Nilipoanza nilidhani kusimamia ni kushika funguo. Nilikuwa nalo shada zima kiunoni, na nilipenda zilivyolia nikitembea. Mlango wa nyuma wa wodi ya wanawake, ule wa dharura, niliutia kufuli kubwa kwa sababu mbuzi wa mtaa mzima waliujua. Mbuzi akiingia wodini anakula maboksi ya glavu na kadi za wagonjwa, na ukimfukuza anapita chini ya vitanda.

Basi akaja mkaguzi wa afya, Bwana Mutua. Alikuwa mtu wa Ukambani, mfupi, kofia imepauka, kalamu moja mfukoni. Nilikuwa nimempangia mafaili mezani juu ya kitambaa cha kufuma. Akayapita kama hayaoni, akaenda moja kwa moja mlango wa nyuma.

"Madam, hii inafunguka aje?"

Nikatoa shada langu. Ufunguo wa kwanza, sio. Wa pili, sio. Yeye akavuta kiti, akakaa, akatazama saa yake. Nilipofika ufunguo wa saba jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni.

"Endelea tu," akasema kwa upole. "Sisi hapa tumeshakufa, lakini wewe endelea."

Wale bibi vitandani wakacheka. Kiswahili hawakukisikia vizuri, lakini uso wangu waliuelewa. Nilimchukia mtu yule siku hiyo, nasema wazi. Aliandika kwamba mlango wa dharura ufunguke kwa nje, kwa kusukuma kiganja kimoja, bila ufunguo. Nikamuuliza, na mbuzi je? Akasema, "Mbuzi wawekee boma la miiba huko nje. Mgonjwa usimfungie." Tukazungushia ua wa miiba nyuma ya jengo, mpana, na ukawa pahali pazuri pa kuota jua asubuhi.

Mwaka uliofuata alinikuta na kosa jingine. Mitungi ya kuzimia moto niliitundika juu kabisa karibu na dari, watoto wa wageni wasiichezee. Nilijiona nimetumia akili. Bwana Mutua akasema, "Nishushie moja, madam." Nikaruka, sikufika. Nikaitisha stuli, na kwenye stuli alikuwa amekaa bibi wa watu anakunywa chai, hataki kunyanyuka. Yeye akatoa kalamu akachora mstari ukutani usawa wa kifua changu. Mitungi iko kwenye mstari ule mpaka leo, nendeni mkaone.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa kanuni tupu. Ukutani tulikuwa na ramani ya wodi inayoonyesha jinsi vitanda vinavyotakiwa kukaa, vyote vimepangwa mstari, njia ya kupita katikati. Kila ukaguzi nilikuta vitanda vimegeuka. Jamaa za wagonjwa walivigeuza vielekee kibla, mzee aweze kuswali akiwa amelala, na kama saa yake imefika imkute ameelekea pazuri. Mimi nikivirudisha, wao wakivigeuza, na njia ya katikati ikawa ni kupita kwa ubavu. Nilimwambia Bwana Mutua kwa hasira kwamba watu hawa hawasikii. Yeye alikuwa Mkristo wa kanisani kabisa, lakini aliniuliza kibla kiko wapi, akasimama akaelekea huko, akapiga hatua zake akipima. Kisha akanikalisha tuchore ramani upya, vitanda vyote vimeelekea kibla tangu mwanzo, kimoja kimepunguzwa, njia imebaki pana. Hakuna kitanda kilichogeuzwa tena. Alisema kanuni inataka mtu apate pa kutokea, haijali kichwa chake kiko upande gani.

Alinifundisha pia kumtoa mgonjwa asiyeweza kutembea. Usimbebe, alisema, utaanguka naye. Mshushe sakafuni kwa shuka lake, shika pembe za upande wa kichwa, mvute akiwa chini. Tulifanya mazoezi na Gedi, askari wetu wa langoni, mtu wa kilo zake. Mimi na Sista Rehema, muuguzi, tulimvuta kwenye blanketi kutoka kitanda cha mwisho mpaka uani, naye anapiga kelele kwamba tunamvunjia heshima mbele ya wake za watu. Wodi nzima ilicheka mpaka wengine wakakohoa. Nilidhani ni mchezo.

Sasa nifike kwenye doa.

Mnajua uunsi. Kwa asiyejua, ni ubani wa Kisomali, umepikwa na sukari na manukato, unachomwa kwenye chetezo cha udongo kinachoitwa dabqaad, juu ya makaa. Nyumba isiyofukizwa uunsi ni nyumba ya huzuni. Nguo zinafukizwa, nywele zinafukizwa, na mgonjwa, zaidi ya wote, anataka harufu ya nyumbani kwake. Sasa weka makaa ya moto karibu na mtungi wa oksijeni. Sina haja ya kuwaeleza.

Nilitumia njia niliyoijua, nikaandika tangazo. Herufi kubwa nyekundu: UUNSI MARUFUKU. Nikalibandika kila mlango, nikapumzika. Kumbe tangazo langu lilifanya kazi moja tu, lilihamisha chetezo kutoka mezani, mahali ambapo ningekiona, kikawekwa chini ya kitanda na kufunikwa.

Kwenye kitanda namba sita alilala Ayeyo Dahabo. Ayeyo ni bibi, na sote tulimwita hivyo ingawa hakuwa bibi yetu. Alitoka Balambala, kifua kimemchoka, mrija wa oksijeni puani, ulimi mkali kuliko wetu sote. Binti yake Habiba alikuwa hapati usingizi, anamkanda miguu, anamsimulia ngamia mmoja mmoja kwa jina. Nilimpenda bibi yule. Kila asubuhi aliniuliza lini nitajifunza Kisomali, na kila asubuhi nilimjibu kesho.

Ilikuwa Ijumaa. Asubuhi nilipopita wodini niliisikia harufu ya uunsi, nyepesi, karibu na namba sita. Niliisikia. Habiba aliniangalia nami nikamwangalia. Alikuwa amelia usiku kucha kwa sababu mama yake alikuwa anaomba apelekwe nyumbani. Nikajiambia leo ni Ijumaa, acha anuse kidogo, nitasema mchana. Nikapita.

Adhuhuri wanaume wote walikuwa msikitini, Gedi pamoja nao. Mkitaka kujua nyumba yenu iko salama kiasi gani, ikagueni Ijumaa saa saba mchana, muone mmebaki nani. Kati ya wafanyakazi tulibaki mimi na Sista Rehema. Nilikuwa stoo nakunja shuka niliposikia Rehema anaita jina langu kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

Habiba alikuwa amekwenda kutawadha. Upindo wa chandarua ulianguka kwenye chetezo chini ya kitanda. Nilipoingia, chandarua chote kilikuwa moto, na moto unapanda ukutani. Rehema, Mungu amlipe, alifunga kwanza koki ya oksijeni kabla ya jambo jingine lolote. Habiba akaja mbio akakipiga chandarua kwa mikono mitupu. Nikamvuta, nikampa pembe moja ya shuka, mimi nikashika ya pili, tukamshusha Ayeyo sakafuni, tukaanza kuvuta. Njia ilikuwa pana. Nilifika mlangoni kinyumenyume, nikausukuma kwa mgongo, ukafunguka, na jua likatupiga usoni.

Rehema alichukua mtungi wa kuzimia moto kutoka kwenye mstari wa Bwana Mutua na kuumaliza wote pale ukutani. Kisha tukarudi kuwatoa wengine. Wakati imamu anamaliza hotuba, wanawake sita walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha ukuta uani, wanakohoa na kumshukuru Mungu. Gedi aliporudi akauliza nani amewaruhusu wagonjwa kutoka. Nilicheka, halafu nikalia.

Habiba aliungua vidole. Ayeyo alikohoa siku tatu. Na nyuma ya kitanda namba sita ukuta ulikuwa mweusi mpaka darini.

Daktari alikuja mbio na kanzu yake ya Ijumaa. Alipohakikisha hakuna aliyekufa alikaa kitako, akashika kichwa. Ukaguzi wa leseni ulikuwa Jumatatu. "Zaituni," akaniambia, "wakifunga hapa, hawa wazee nitawapeleka wapi? Nani mwingine ana oksijeni ya kutosha? Piga rangi."

Siwezi kumlaumu. Alikuwa anafikiria wazee wake, na kweli hawakuwa na pengine pa kwenda. Mimi nilikuwa na sababu yangu mwenyewe ambayo sikumwambia: niliisikia ile harufu asubuhi na nikapita. Jumapili nikapaka rangi ya krimu kwa mkono wangu. Kuta nyingine zilikuwa zimechakaa kwa vumbi la miaka, kwa hiyo kipande changu kiling'aa, na mtu yeyote mwenye macho angeuliza. Nikasukuma kabati mbele yake. Halikutosha.

Jumatatu Bwana Mutua akaja. Alianza na mlango, kama kawaida yake. Akausukuma kwa kiganja, ukafunguka, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatabasamu. Akaangalia mitungi, akaona mmoja ni mpya. Akaangalia ramani. Akafika namba sita, akatazama ukuta, akatazama kabati. Akamgeukia mgonjwa.

"Mama, habari ya hapa?"

Ayeyo alimpima kwa macho kutoka kofia mpaka viatu. "Habari ya hapa ni mzuri," akasema. "Lakini hii ukuta nasema uongo."

Nikasogea karibu na kabati.

"Ijumaa hapa ilikuwa moto," akaendelea, anavuta pumzi kila neno. "Uunsi ni yangu. Mimi naitisha, si mtoto yangu. Hii mama nakokota mimi kwa shuka, bole bole, bole bole, mpaka kwa jua. Wewe mtu ya serikali, andika hiyo. Mimi mzee, kesho niko mbele ya Mungu, siwezi kuficha moto kwa sababu ya rangi."

Bwana Mutua akavua kofia yake. Akanipeleka uani, tukasimama karibu na ua wa miiba. Nilijua leseni imekwenda. Niliwaza wale wazee wakipakiwa kwenye pikapu kurudishwa walikotoka, na wangapi wangefika. Akaniuliza kwa sauti ya chini, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza zaidi:

"Madam, huyu mama asingesema, wewe ungeniambia?"

Niliangalia viatu vyangu. Niliviangalia sana. Kisha nikasema, "Nikuletee chai, Bwana Mutua?"

Akairudisha kofia kichwani. "Lete," akasema.

Aliinywa yote. Kisha akakaa kwenye kile kile kiti alichokalia siku ya funguo, akaandika muda mrefu. Aliripoti moto, hakuuficha. Vitanda viwili vilivyo karibu na mtungi wa oksijeni vilifungwa mpaka turekebishe. Leseni hakuichukua. Aliniambia imeokolewa na mlango, si rangi. Akaagiza nivue matangazo yangu yote mekundu na nitafute mahali ambapo watu watachoma uunsi bila kujificha.

Mahali alipatafuta Ayeyo mwenyewe. Alisema tujenge kibanda cha mikeka uani, mbali na jengo. Wanawake wachomee huko, wafukize shali ya mgonjwa juu ya chetezo, kisha walete shali tu, imfunike mgonjwa na harufu yake. Sisi wenye vyeti hatukuwahi kufikiria hilo. Siku kibanda kilipokamilika, Habiba, vidole vimefungwa bandeji, alileta shali ya kwanza. Ayeyo akaivuta mpaka puani kando ya mrija, akafumba macho, akaniambia sasa anaweza kungoja mpaka nijifunze Kisomali. Hakungoja. Alipata nafuu akarudi Balambala, na alifia kwake, kati ya watu wake, kama alivyotaka.

Agizo la mwisho la Bwana Mutua lilikuwa la ukuta. "Kwangua hiyo rangi," alisema. "Na isipakwe tena. Msimamizi yeyote atakayekuja aulizwe na wageni hii doa ni ya nini, na ajibu." Nilikwangua siku mbili kwa kisu cha jikoni. Fardosa, umeuliza nani alikataza. Ni yeye.

Alistaafu kabla yangu akarudi kwao. Kila Idi alinipigia simu, kila Krismasi nikampigia. Tuliongea kuhusu mvua, mahindi yake, na mbuzi, maana naye alikuwa amefuga mbuzi na alikiri sasa ananielewa. Swali lile hakulirudia hata siku moja. Krismasi iliyopita nilipiga, akapokea mtoto wake wa kiume, akaniambia wameshamzika. Namlilia mtu yule kuliko nilivyodhani ningemlilia mkaguzi.

Sikuwahi kumjibu, basi nawajibu nyinyi. La, nisingemwambia. Ningemwacha anywe chai yangu, asaini, aondoke, nami ningejiita msimamizi hodari mpaka leo. Nilikuwa na mlango mzuri, mitungi mahali pake, ramani imeelekea kibla, na bado ningemdanganya. Bibi mmoja asiyeweza kupumua vizuri aliniokoa na hilo.

Kwa hiyo, Fardosa, rangi hapana. Jumanne wakifika usingoje waulize. Wapeleke kwanza kitanda namba sita, uwaambie kwa mdomo wako. Chai wape baadaye.